Bakuli Lililowahi Msibani

Niliajiriwa kumwogesha, kumpa dawa kwa saa zake na kuhakikisha haanguki akienda msalani. Kuchapa riwaya hakukuwemo kwenye mkataba. Lakini kazi ya kutunza wazee Marekani, mojawapo ya zile ambazo sisi Watanzania tunaziita kwa jumla kubeba boksi, ina saa nyingi za kukaa tu, na bibi niliyepangiwa hakuwa mtu wa kukaa tu. Alikuwa mjane Mzungu anayekaribia miaka 80, akiishi nje kidogo ya Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati: aliona fremu ya mlango, asione uso wa aliyesimama mlangoni. Kabati lake la nguo lilikuwa na madaftari mengi kuliko nguo. Jioni moja, baada ya chakula, akaniuliza kama najua kuchapa kwa kompyuta. Nikamjibu najua.

“Basi vuta kiti,” akasema. “Kuna mtu amekufa na hakuna anayeshughulika.”

Aliyekufa alikuwa mjomba wa msichana wa miaka tisa, na msichana huyo ndiye anayesimulia. Mwaka ni 1957. Familia ni ya Wabaptisti, na Wabaptisti wa huko hawamnyunyizii mtu matone kichwani wakasema amebatizwa. Wanamzamisha mzima mzima. Mjomba huyu aliogopa maji. Maisha yake yote alihudhuria ibada kila Jumapili, akaimba, akatoa sadaka, akapanda kuziba paa la kanisa lilipovuja, lakini kila mchungaji aliyehamia pale alishindwa kumshusha mtoni. Alishasema hadharani kwamba kati ya moto wa milele na sekunde tatu chini ya maji, yeye moto atauzoea. Sasa ameopolewa mto Pearl akiwa na buti miguuni, na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ameandika kwamba alizama akivua samaki. Watu wazima wote wanatikisa vichwa kukubali. Mtoto peke yake ndiye anayeuliza: mtu aliyekataa wokovu kwa sababu ya mto, mtoni alifuata nini?

Nilicheka mpaka nikakosea kuchapa. Halafu nikaona mwenyewe hacheki.

“Alikuwa mjomba wako kweli, Bibi?”

“Mjomba ni kweli. Mto ni kweli. Baba yangu naye ni kweli, bahati mbaya.”

Nimekuwa nikiandika hadithi fupi tangu sekondari, na nilidhani habari za nyumbani najua zinavyoandikwa: unasubiri wahusika wafe, unabadilisha majina, unaanza. Haya ninayoeleza hapa niliyaokota kwenye kile kiti, nikimchapia mtu mwingine.

Kwanza ilibidi niielewe biashara ya baba yake, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Baba aliuza wiski. Mississippi ilipiga pombe marufuku mwaka 1908, zaidi ya miaka kumi kabla ya Marekani nzima. Mwaka 1918 ikawa jimbo la kwanza kuridhia marekebisho ya katiba yaliyoifanya nchi yote iwe kavu. Nchi ilipobadili mawazo mwaka 1933, Mississippi ilibaki na marufuku yake, na haikuiacha mpaka 1966, nyuma ya majimbo mengine yote. Na miaka yote hiyo watu walikunywa. Mzigo ulivushwa kutoka Louisiana. Ng’ambo ya mto Pearl, ukitoka Jackson kuingia kaunti ya Rankin, palikuwa na mtaa mzima wa vilabu ulioitwa Gold Coast, na haukuwa siri ya mtu.

Sasa sikia hili. Mwaka 1944 serikali ya jimbo ilianzisha kodi ya asilimia 10 kwa bidhaa zinazouzwa kinyume cha sheria, na bidhaa iliyokusudiwa ilikuwa wiski. Watu waliiita waziwazi kodi ya magendo. Kuuza pombe ni kosa. Kuuza pombe bila kuilipia kodi ni kosa la pili. Palikuwa na mtoza kodi wa jimbo aliyekula kamisheni, kwa hiyo kadiri wananchi walivyovunja sheria ndivyo mshahara wake ulivyonenepa. William Winter, aliyeshika cheo hicho kuanzia 1956, ndiye aliyeshauri kifutwe, kikafutwa mwaka 1964. Baadaye akawa gavana. Kuna hotuba ya mwaka 1952 ambayo bibi aliijua kwa moyo, ya mbunge kijana aitwaye Noah Sweat. Alisimama akasema: kama mkisema wiski mnamaanisha kinywaji cha shetani kinachovunja nyumba za watu, mimi nakipinga, lakini kama mnamaanisha kile kinacholainisha mazungumzo na kuleta kodi ya kujenga barabara na hospitali, mimi nakiunga mkono, huo ndio msimamo wangu na sitayumba. Na ule mwisho wenyewe wa 1966 ulikuja baada ya naibu sherifu kuvamia sherehe ya Mardi Gras, karamu ya kabla ya Kwaresima, kwenye klabu ya wakubwa wa Jackson, mwezi Februari, gavana akiwa miongoni mwa waalikwa.

Unaona basi kwamba bibi hakuhitaji kubuni kichekesho. Jimbo lilikuwa limeshambunia. Alichohitaji ni mtu wa kukisema bila kutabasamu, na mtu huyo ni mtoto. Ndani ya riwaya baba hajui kusoma, kwa hiyo daftari la hesabu analishika binti yake wa darasa la tatu. Yeye ndiye anayejumlisha chupa, anayetoa asilimia 10, anayepanga risiti za serikali kwenye kopo la biskuti. Mwalimu anapouliza darasani kazi za wazazi, anasimama na kusema baba yake anafanya kazi na serikali, na kama mwalimu ana shaka, risiti zipo.

Hapo palinigusa mwenyewe. Shangazi yangu kule Muheza alikuwa anapika gongo. Kwetu nako kuna sheria ya utengenezaji wa moshi, ndiyo gongo kwa lugha ya sheria, na kwa kisa cha ajabu nayo ni ya 1966: mwaka Mississippi inafungulia, Tanzania inatunga sheria yake. Mgambo walipoonekana njiani sisi watoto tuliitwa haraka tukae juu ya pipa tukiwa na madaftari ya shule, tufanye hesabu kwa sauti. Mgambo walijua. Walisimama, wakatusikiliza tukiimba jedwali la saba, wakapewa chao nyuma ya nyumba, wakaondoka wakitusifu kwa bidii. Nilipomsimulia bibi, aligonga fimbo sakafuni. “Jedwali la saba!” akasema. “Kwetu ilikuwa aya za Biblia.” Na kuanzia siku hiyo aliniamini na mambo mengine, maana mtoto wa nyumba ya magendo anajua kunyamaza kabla hajajua kusoma, na hawa wakikutana hata uzeeni hutambuana.

Lakini sura za mwanzo zilikuwa na kasoro, na ilinichukua muda kuisema. Msichana alikuwa mcheshi kupita kiasi. Kila mtu akiingia chumbani, yeye ana neno la kumchambua: huyu pua yake imetangulia, yule kofia yake inafanana na jogoo mgonjwa. Nikisoma kwa sauti tulichochapa, nilisikia bibi wa miaka 80 anayezungumza kwa mdomo wa mtoto. Nikamwambia huyu mtoto anaongea kama mchekeshaji wa redio. Alinuna. Akataka chai, akasema haina sukari, nikaongeza, akasema imezidi. Kesho yake aliamka akasema mtoto wa umri ule hachekeshi. Mtoto wa umri ule anatoa taarifa. Anaona watu wazima wanafanya mambo, anajitahidi kuyapangia sababu, na sababu anazopata ni za busara kabisa kwa anayejua machache. Msomaji ndiye anayecheka, kwa kuwa anajua yaliyobaki. Tukarudi sura ya kwanza tukafuta kofia zote na majogoo yote. Niliionea huruma ile pua.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na silisemi kwa wepesi kwa sababu najua wengi wanaosoma hapa wana nyumba zao. Baba huyu, mbali ya kuuza, alikunywa, na akinywa alimpiga mama. Sura ya tano ndiyo ilikuwa ya usiku mmoja wa namna hiyo. Bibi aliisema haraka haraka, utani juu ya utani, mstari kwa mstari. Baba anaanguka kwenye ngazi, anaitukana ngazi, anamwomba mbwa msamaha. Nilikuwa nachapa huku nacheka, na ghafla nikagundua kwamba mama hayumo. Kurasa nyingi, nyumba ina vyumba vinne, na mama hayumo.

“Mama yuko wapi muda huu wote, Bibi?”

“Jikoni.”

“Anafanya nini?”

Hakujibu. Nikafunga kompyuta, nikampeleka kulala.

Nilichojifunza hapo nimekitumia tangu siku hiyo kwa kila ninachosoma, hata maongezi ya ndugu kwenye harusi: utani ukianza kusongamana mahali pamoja, ujue kuna kitu kimezungukwa. Si kwamba utani umekosea kuwepo. Umekosea mahali pa kusimama. Bibi aliandika upya sura ile kwa siku kadhaa, na toleo lililobaki lina kichekesho kimoja tu. Msichana amemchukua mdogo wake, wamejifungia bafuni, wameketi ndani ya beseni la kuogea lisilo na maji, na anamsomea katalogi ya Sears, duka lililouza bidhaa kwa posta. Anamsomea bei. Jembe la kukokotwa, bei yake. Sidiria ya mfupa wa chuma, bei yake. Kuku vifaranga kwa posta, bei yao kwa dazani. Kelele za jikoni zikipanda, naye anapandisha sauti. Mdogo wake anauliza sidiria ni nini. Anamjibu ni kitu cha trekta. Kelele zikikoma, anaendelea kusoma kwa sauti ileile kubwa, kwa kuwa hajui kama zimekoma kwa wema au kwa ubaya, na hataki kuwa mtu wa kwanza kujua.

Nilicheka kwenye trekta. Kisha nikashindwa kuchapa. Bibi akasema hiyo haikutungwa, ila vifaranga ndio hana uhakika kama walikuwa ukurasa ule.

Sasa tuje kwenye bakuli, ambalo ndilo kiini cha kesi.

Kule Kusini mwa Marekani mtu akifiwa, majirani huleta vyakula: kuku wa kukaanga, mayai ya kujazwa, na zaidi ya yote vile vyakula vya kuchanganywa na kuokwa kwenye bakuli la kioo, wali na kuku, viazi na jibini. Vyombo vikiwa vingi hupotea, kwa hiyo kila mwanamke hubandika kipande cha utepe wa karatasi chini ya bakuli lake na kuandika jina. Nilipoelezwa hivyo nilimwambia kwetu msibani ni vilevile, sufuria zina alama za rangi ya kucha matakoni, na bado zinapotea. Akafurahi mno. Akasema basi nchi zote zina wezi wa vyombo.

Katika riwaya, mwili wa mjomba unapatikana Alhamisi saa sita mchana. Msichana anakuja kugundua kwamba bakuli moja la wali na kuku lilifika mlango wa jikoni Alhamisi alfajiri. Mtu ameleta chakula cha msiba kabla ya msiba. Analigeuza bakuli, na chini ya tako lake kuna utepe wenye jina la mke wa sherifu. Maelezo yake yananichekesha hata sasa: mke wa sherifu alikuwa mwanamke mwenye adabu kiasi kwamba, mumewe aliporudi usiku na kumwambia familia fulani itakuwa na msiba kesho, aliamka palepale akawasha oveni. Hakuuliza amejuaje. Adabu iliishinda siri. Na chanzo cha yote ni hesabu: sherifu alikuwa anachukua chake juu ya ile asilimia 10, mjomba aliona madaftari mawili yasiyolingana, akasema atayapeleka Jackson.

Ni kitendawili kizuri. Nilikichapa nikiwa na furaha, na usiku, nikiwa nasuuza vyombo vya bibi huyuhuyu, nikasimama na sahani mkononi. Kesho yake nikamuuliza:

“Bibi, nyumba ile, nani alikuwa anaosha vyombo?”

Kimya.

Maana katika ile nyumba ya riwaya kuna mpishi, mwanamke mweusi. Anaingia sura ya kwanza na biskuti za moto, anatoka. Anaingia sura ya tatu na maziwa, anatoka. Msichana anamwita kwa jina lake tupu, na yeye anamwita msichana Miss. Kwa sikio langu hilo lilikuwa linakwaruza tangu siku ya kwanza. Mimi nilimwambia bibi mapema kwamba kwetu siwezi kumwita mtu wa umri wake kwa jina, hata kwa kulipwa, akakubali nimwite Bibi, na akalipenda. Na hapa mtoto wa miaka tisa anamwita mtu mzima jina tupu kama anaita paka. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ya mwanamke Mzungu, mwanamke mweusi ninayelipwa kwa saa kumwandalia chai, nikichapa habari za mwanamke mweusi aliyelipwa kwa wiki kuandaa maziwa. Sote wawili tuliliona hilo, na hakuna aliyelitaja.

Lakini hoja yangu siku ile ilikuwa ya ufundi tu, au nilijiambia hivyo. Bakuli limeletwa mlango wa jikoni. Aliyelipokea ni mpishi. Aliyeliosha ni mpishi. Aliyeligeuza kwanza ni mpishi. Msichana yule maishani mwake hajaosha kijiko. Kwa hiyo kuna mtu katika kitabu hiki aliyejua muuaji tangu Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, na mwandishi hajamuuliza.

“Kwa nini hakusema?” bibi akauliza, akijiuliza mwenyewe.

Yeye alijua sababu kuliko mimi. Riwaya imewekwa 1957. Miaka miwili tu kabla yake, Septemba 1955, katika mji wa Sumner wa jimbo hilohilo, mzee mweusi, Moses Wright, alisimama mahakamani akawaonyesha kwa kidole Wazungu waliokuja usiku kumchukua mjukuu wa shemeji yake, Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa. Baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume Wazungu, lilikaa kama saa moja likawaachia huru washtakiwa. Mzee Wright ilibidi ahame Mississippi akaishi Chicago. Watu weusi walizuiwa kujiandikisha kupiga kura, na asiyekuwa kwenye orodha ya wapiga kura hakuitwa kuketi kwenye baraza. Wanawake wa rangi yoyote hawakuruhusiwa kuketi humo Mississippi mpaka 1968. Mpishi aende kwa nani na bakuli lake? Kwa sherifu?

Bibi alikaa kimya siku ile, na ya pili yake. Aliporudi kwenye kiti alikuwa amelipata. Utepe wa karatasi, akasema, ukiosha chombo kwa maji ya moto unabanduka. Hilo kila anayeosha vyombo analijua. Basi kama utepe bado ulikuwepo majuma baadaye, kuna mtu aliyeosha bakuli lile kwa uangalifu, ndani tu na pembeni, ili chini pasilowe. Na bakuli kubwa la kuokea huwekwa rafu ya juu. Hili lilikuwa rafu ya chini kabisa, mbele, mahali ambapo mtoto anayetafuta biskuti lazima aliguse.

Kwa hiyo riwaya nzima ikageuka bila msimulizi kujua. Msichana bado anajiona mpelelezi hodari, bado anajisifu kwa jinsi akili yake inavyofanya kazi. Lakini sasa msomaji anaona kwamba kila anachokigundua kimewekwa njiani. Mpishi anamtuma dukani siku ambayo mke wa sherifu yupo dukani. Mpishi anaimba wimbo wa ubatizo wakati mtoto amesahau habari ya maji. Mpishi anamuuliza, kama mtu asiyejua hesabu, hivi asilimia 10 ya chupa mia ni ngapi, na mbona baba amelipa zaidi? Na mtoto anamfundisha kwa uvumilivu mkubwa. Huo ndio ucheshi wa kitabu sasa, na ni ucheshi ambao aliyeulipia anaonekana.

Tulibishana juu ya jina. Kila bakuli lililoletwa msibani lina jina kamili la mwenyewe chini yake, mpaka la bibi kizee asiyependwa na mtu. Mpishi katika kitabu hana jina la ukoo. Nikauliza. Bibi akataja jina la kwanza la mwanamke aliyewapikia utotoni, akanyamaza, akajaribu kukumbuka, hakukumbuka. Hakulijua. Alitaka kutunga jina la ukoo ili kuziba pengo. Mimi nilisema aliache wazi, na msichana akiri ukurasani kwamba hajui, kwa ile sauti yake ya kutoa taarifa: anajua jina la ukoo la mbwa wa mchungaji, hili halijui. Bibi aliona kwamba ninamwadhibu. Labda. Sentensi imebaki.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa mwisho. Riwaya ya uhalifu inamtaka mhalifu akamatwe, na mwaka 1957 nani atamkamata sherifu? Bibi kwanza alitaka mpishi mwenyewe alirudishe bakuli, apite mlango wa mbele, mbele ya wageni, aseme neno la kukata. Ni picha ya kupendeza na nilimwambia ni ya uongo. Mlango wa mbele hakuwa anapita, na kama angepita siku ile asingelala kwake. Bibi alisema ni kitabu cha kuchekesha, kinaweza kumruhusu. Nikasema kitabu cha kuchekesha kinaweza kuruhusu kila kitu ila kumpa mtu ushujaa wa kumuua halafu tukacheka.

Ilivyo sasa ni hivi. Mpishi anaaga kwamba anakwenda kumwona dada yake anayeumwa. Anapanda treni ya Illinois Central kwenda Chicago, njia iliyochukua maelfu kwa maelfu ya watu weusi kutoka Mississippi, na harudi. Kabla ya kuondoka anamwambia msichana: lile bakuli si letu, ni vizuri kulirudisha, lakini usilirudishe kabla ya Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku ambayo wanawake wa kanisa hukutana kwa mke wa sherifu. Msichana anavaa viatu vya Jumapili, anapita mlango wa mbele, maana yeye anaweza, anaingia katikati ya vikombe vya chai na kusema kwa adabu zote alizofundishwa: “Mama anashukuru sana kwa chakula ulicholeta Alhamisi alfajiri.” Halafu anasimama akisubiri aambiwe karibu. Chumba kizima wanahesabu saa.

Hakuna anayekamatwa. Ila kuanzia hapo, kila anapofariki mtu katika kaunti ile, mke wa sherifu akifika na bakuli, mwenye nyumba anamwangalia usoni, anaangalia saa ya ukutani, na kumwambia wameshapata vya kutosha. Bibi anaapa kwamba kwa mwanamke wa Kusini jela ni afadhali. Mimi naona adhabu imemwendea asiye muuaji, nimesema hivyo, na amesema ndivyo ilivyokuwa kawaida.

Mwishoni mwa kiangazi alisoma sura tatu, au tuseme nilimsomea, kwenye kikundi cha wazee wanaokutana maktaba. Walicheka panapostahili. Kwenye katalogi ya Sears mwanamke mmoja alitoka nje, akarudi baadaye, akamshika bibi mkono bila kusema kitu. Maswali yalipoanza, walibishana kwanza kama mke wa sherifu angetumia supu ya uyoga ya kopo au angetengeneza mchuzi mwenyewe, na ubishi huo ulichukua muda mrefu kuliko kifo cha mjomba. Kisha mwanamume mmoja aliyevaa suti, aliyesema amehamia Mississippi kutoka Ohio, akainua mkono. Mauaji anayakubali, akasema. Sherifu anamkubali, bakuli analikubali. Ila ile habari ya serikali kutoza kodi pombe iliyoipiga marufuku yenyewe, na kutoa risiti, hiyo imezidi. Msomaji hataamini, afadhali iondolewe.

Bibi alinigeukia upande niliokuwa nimekaa, hakunipata sawasawa, akamsemesha mtu wa pembeni yangu.

“Andika,” akasema. “Sura ya tatu. Ongeza risiti nyingine.”